Vitabu vya Miti vya Bwana Shamba

Humu atakayetajwa kwa jina ni mkosaji. Hiyo ndiyo kanuni yangu na sina nyingine. Shule nilikaa miaka miwili, na chuo cha Kurani nilitoka na juzuu chache tu, kwa hiyo kanuni za wajuzi sizijui. Ninayetaka kumweleza sitamtaja. Mtaa wetu wote wa pwani hapa Kismayu ulimwita Bwana Shamba, na kwa miaka mingi jina lake halisi lilikuwa la kwanza kwenye orodha yangu, juu ya Athmani Lali, juu ya Fara Meno, juu ya Sadiki Dalali. Nimelitoa. Kwa nini nimelitoa, nitasema, lakini si sasa hivi.

Shamba hakuwa nalo. Alikuwa na uwanja wa mchanga nyuma ya nyumba, mwarobaini mmoja, na kisima cha maji ya chumvichumvi. Jina alilipata ujanani kwenye mashamba ya migomba ya Wataliana kule mtoni Juba, alikokuwa akifuatana na msimamizi kumshikia kamba ya kupimia. Wataliana walipoondoka, wenzake walibeba majembe, mabati, vitanda. Mmoja alibeba mlango. Yeye aliingia chumbani kwa msimamizi akatoka na vitabu viwili vya picha za miti, amevifunga kwa shuka. Walimcheka njia nzima mpaka mjini.

Nilikuwa mtoto nilipoviona mara ya kwanza. Vikubwa kama sinia, jalada la ngozi limepasukapasuka kama kisigino cha mvuvi. Ndani, kila ukurasa wa picha umefunikwa karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na ukiifunua unakutana na mti: jani, ua, tunda, mbegu iliyopasuliwa ionekane tumbo lake. Picha zenyewe si za mashine. Kila jani lilipakwa rangi kwa mkono, na mchu, ndivyo sisi Wabajuni tunavyomwita mtu, aliyekufa kabla ya babu zetu kuzaliwa, na ukitazama sana unaona brashi ilipoishiwa na rangi ikachovywa tena.

Vilipokuwa viwili akataka cha tatu. Kila aliyesafiri kwenda Lamu, Mombasa, Unguja au Adeni aliagizwa: "Nitafutie kitabu cha miti, cha zamani, cha kupakwa kwa mkono." Wengi walimletea upuuzi. Mmoja alimletea kitabu cha mapishi cha Kihindi. Mwingine alileta cha matrekta, akaapa kwa watoto wake kwamba humo ndani mna miti. Bwana Shamba alikuwa akikishika kitabu, anakinusa mgongoni, anauinua ukurasa mmoja uelekee dirishani, kisha anasema "cha mashine" na kukirudisha, hata kama mleta ametoka nacho mbali. Mabaharia walimchukia kwa hilo, lakini walizidi kumletea, maana mara moja moja alikuwa akikaa kimya muda mrefu, na hapo walijua wamepata. Mpaka vita vinaingia alikuwa na vitabu kumi na kimoja, na kusoma hakuweza hata kimoja. Herufi za Kizungu alizijua moja moja. Jina la mti alilitamka kama anayevuta kamba ya kisima.

Mara mbili kwa mwaka, unyevu ukizidi, alivitoa vitabu kuvianika. Alitandika mikeka ukumbini penye upepo pasipo jua, akavisimamisha wima, kurasa wazi, na harufu ya karafuu na pilipili manga alizovitilia dhidi ya wadudu ikajaa mpaka njiani. Wapita njia, wakiviona vimeanikwa kama samaki wa ng'onda, hawakumwacha.

"Bwana Shamba, ng'onda zako mwaka huu zimekonda!"

"Pita, pita. Wewe na ng'onda mnatofautiana kofia tu."

Mkewe alikuwa na ulimi kumshinda. Aliwahi kupoteza vikuku vyake viwili vya fedha, na Bwana Shamba alimwapia kwamba vilianguka baharini akienda kisiwani Chovae, kwao. Baada ya miezi mitatu baharia wa Unguja alipita akamuuliza mbele ya wageni kama bado anacho kile kitabu alichobadilishana kwa vikuku. Yule mama alikusanya wanawake wote wa mtaa. "Wenzangu huletewa mke mwenza ana miguu," akasema, "mimi nimeletewa wa ngozi ya ng'ombe! Ana kurasa mia nne na hajui kupika wala hazai!" Tulicheka mpaka tukalia. Bwana Shamba alikaa kwenye baraza lake akitafuna tambuu kama anasemwa mwingine.

Muongo alikuwa, hilo lazima niliseme. Umri wake ulibadilika kila Ramadhani. Mwaliko asioutaka aliukwepa kwa ugonjwa, na kila mara ugonjwa mpya, wenye jina la Kitaliana. Lakini kwenye miti hakumwongopea mtu. Wanawake walimjia na mizizi mikononi, "Ami, huu si ndio ule wa tumbo?" na kama hakuwa na hakika alisema hajui, hata umwombe namna gani, hata kama neno lake moja lingekutuliza moyo. "Kwa miti simwongopei mchu," alikuwa akisema. "Mchu ukimuongopea mengine, kesho atakasirika. Ukimuongopea juu ya mti, atazikwa."

Na vitabu vyake navyo hakuviachia. Kitabu kimoja kilikuwa na picha ya mkoko, na mchoraji aliyekaa kwao Ulaya aliuchorea mizizi minene ya kwenda chini kama mihogo. Bwana Shamba aliondoka asubuhi kwenda Chovae kwa ajili ya hilo tu, akarudi na tawi la mkoko na mzizi wake, umefungwa kwenye gunia bichi, akafungua ukurasa na kuuweka mzizi kando ya picha. "Haya, tazama," akamwambia yule mchoraji. "Tazama sasa. Ulikuwa na haraka ya nini?"

Sasa nieleze kidole. Kurasa zake alizifunua kwa kipande cha gamba la kasa, kilichosuguliwa kikawa chembamba kama ulimi. Kwa kidole, hapana. Na ole wako ulambe kidole ndipo ufunue, kama wanavyofanya watu wote duniani. Mimi nilikuwa na miaka tisa nilipofanya, akanizaba kofi ambalo sikuwahi kupigwa na baba yangu. Kisha akanivuta kisimani akaniosha mkono na mdomo kwa sabuni.

"Kijani hiki," akasema, "wanakichanganya na ile sumu ya panya. Msimamizi aliniambia mwenyewe. Si chote. Lakini kipi ndicho na kipi sicho, mimi sijui, wala wewe hujui."

Tulipokuwa wakubwa tulicheka. Tulisema ni choyo. Mzee hataki vitabu vyake vishikwe, basi kavitilia sumu ya mdomo.

Vita vilipofika Kismayu mume wangu alikuwa Mombasa kwa kazi, mimi niko na mtoto wa mwaka mmoja na miezi saba. Baba yangu alimwomba Bwana Shamba anichukue, maana Athmani Lali alikuwa amemwahidi nafasi kwenye boti yake. Athmani Lali ni mtu wetu, Mbajuni kama sisi, alicheza mpira na kaka zangu. Tulikwenda pwani alfajiri: Bwana Shamba, mkewe, mimi, mtoto mgongoni. Na sanduku. Vitabu kumi na kimoja kwenye sanduku moja la mbao, na wabebaji wawili.

Athmani Lali akasimama majini, akasema, "Sanduku au watu, mzee. Sanduku hilo ni nafasi ya wachu watatu."

"Basi mchukue huyu na mwanawe, na mke wangu," akasema Bwana Shamba. "Mimi nitabaki na sanduku."

Mkewe akasema haendi pasipo yeye. Nikasimama na maji magotini nikimtazama mke akimtazama mume, na mume akilitazama sanduku. Mwishowe akasema, "Ngojeni. Nalirudisha nyumbani, naja sasa hivi. Ngojeni." Akaondoka na wabebaji wake. Nami, kwa ujinga wa heshima, nikatoka majini nikakaa kumngojea pamoja na mkewe. Athmani Lali aliona magunia ya sukari ya tajiri mmoja yakiteremshwa kwenye gari, akayapakia pale tulipokuwa tukae sisi, akaondoka bila kutuita. Sauti ya injini ndiyo iliyotwambia. Bwana Shamba alirudi mbio, kofia mkononi, hakuna boti.

Boti nyingine haikuja. Barabara ya kwenda mpakani ilikuwa na wenyewe, watu wa bunduki, pwani ikapata wenyewe wiki ile ile, na mwenyewe wa mtaa wetu alikuwa Fara Meno, kijana wa mikungu miwili ya risasi kifuani na meno ya dhahabu, aliyekuwa akiziingia nyumba za Wabajuni moja baada ya moja, akimwita mwenye nyumba kwa Kisomali na kuuliza, "Waryaa, hii ya nani?" kana kwamba jibu lingesaidia. Ya baba yangu aliitwaa siku ya nne. Tukasongamana kwa Bwana Shamba kwa sababu ya kuta nene na kisima, watu kumi na saba kwenye vyumba vitatu. Tulipika ndani moshi usionekane. Tulikohoa ndani ya leso. Wanawake hatukuvuka kizingiti kwa wiki saba. Na pale katikati ya chumba, likila nafasi ya watu watatu kulala, sanduku. Kila usiku nilikunja miguu kwa ajili ya sanduku lile, na kila nilipokunja nilimlaani.

Mwanangu alishikwa na homa wiki ya sita. Siku tatu inapanda na kushuka, ya nne haikushuka. Dawa hakuna, duka hakuna. Kwetu mtoto akifika hapo anaandikiwa kombe: mwalimu anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, inaoshwa kwa marashi, mgonjwa anakunywa. Lakini mwalimu alikuwa amekimbia, zafarani hatuna, na kumi na saba sisi hapakuwa na mwenye mkono wa kuandika.

Bwana Shamba alikuja akamtazama mtoto, akamgusa kwapani. Alifungua sanduku, akatoa kitabu kikubwa kuliko vyote, kile cha vikuku, akakifunga kwenye shuka. Mkewe akamshika kanzu. "Unakwenda wapi na watu wanapigwa risasi?"

"Kwa Fara. Ana vidonge vya kwinini, ameviiba hospitali. Anapenda vitu vya Wazungu."

Akatoka. Huyo huyo aliyetukosesha boti kwa ajili ya vitabu.

Sanduku aliliacha wazi. Na mimi nilikuwa nikikijua kitabu kimoja humo, cha jalada jekundu, kwa sababu alinionyesha zamani: "Huu ndio mti wa kwinini, mwanangu. Gome lake ndilo wanalosaga." Majani mapana, ya kijani kibichi kabisa, ua la rangi ya waridi, na chini maandishi. Nikakaa nikifikiri. Saa nzima amekwenda, harudi. Nikasikia risasi upande wa sokoni, nikajua ameuawa. Nikasema moyoni: mti ni huu, maandishi ni haya, aliyeandika alikuwa na ilimu. Aya nitaisoma mimi.

Nikachukua wembe nikaukata ukurasa. Nikaulaza kwenye sahani nyeupe, nikamimina maji ya kisima na tone la marashi lililobaki. Nikasoma Fatiha na Kul-huwallahu mara tatu. Kijani kikaachia, taratibu, kikaenea majini kama tui. Nikaona ni nguvu ya dawa inayotoka. Nikamnywesha mwanangu, mafundo matatu, na hakukataa, kiu ilikuwa imemshika.

Bwana Shamba alirudi akichechemea, amepigwa kitako cha bunduki, vidonge sita ndani ya karatasi. Tulivisaga, tukampa. Hakikukaa kitu tumboni. Mtoto alikuwa ameanza kutapika kabla ya vidonge, na alitapika mpaka alasiri, kisha akaacha. Tulimzika uwanjani, karibu na mwarobaini, maana makaburini hapakuendeka.

Ilikuwa homa au ilikuwa kijani? Watoto wengi wa mtaa ule walikwenda na homa mwezi ule, pasipo kitabu. Wengine walitapika vilevile. Nimejiambia hivyo kambini Kenya, nilikovukia baadaye, miaka kumi na minane, nikiwa kwenye foleni ya maji, nikiwa kwenye foleni ya unga. Mume wangu nilimwambia ni homa. Bwana Shamba sikumwambia kitu, na yeye hakuniuliza. Karatasi iliyolowa niliizika na mtoto, ndani ya sanda. Na kila nilipohesabu wakosaji nilianza na yeye: kama si vitabu vyako tungepanda boti.

Nilirudi Kismayu kwa sababu kambi ilinichosha na kwingine hawakunichukua. Nyumba ya baba yangu wanaishi watu wa Fara Meno mpaka leo. Mwenyewe ana duka la simu mbele yake, amenenepa, na ananiamkia, "Sabalkheri, mama." Nakaanga bajia ng'ambo ya barabara, madereva wa bajaji ndio wateja wangu, na mlango niliozaliwa ndani yake nauona kutwa nzima. Athmani Lali aliuza boti akahamia Ulaya, nasikia ni mtu wa msikitini sana. Mimi sina pa kwenda. Nyuma bahari, mbele barabara, na zote mbili zina wenyewe.

Wiki ya kwanza sikwenda kwa Bwana Shamba. Wala ya pili. Mwezi wa tatu mtu aliniambia mkewe amekufa na mzee yuko peke yake, nikachukua bajia kwenye gazeti nikaenda, nikisema nampelekea sadaka tu.

Alikuwa kwenye mkeka ukumbini, amekuwa mdogo kama ameanikwa yeye. Macho bado mazima. Sanduku lipo, wazi, tupu.

"Sadiki Dalali," akasema kabla sijauliza. "Alikuja na mgeni kwenye simu. Alisema vinakwenda mahali pa kuhifadhiwa. Ameviuza ukurasa mmoja mmoja, mwanangu, anavikata kwa wembe. Watu wanatundika ukutani."

Aliposema wembe, nikaziweka bajia chini.

"Vyote?"

"Kimoja alikirudisha. Alisema kina upungufu, mnunuzi hataki kitabu kilichokatwa." Akanyoosha mkono nyuma ya mto akakitoa. Jalada jekundu. "Hiki kimebaki kwa ajili hiyo."

Nikakaa. Nikamwambia yote, hapo hapo, bajia zikipoa: ukurasa, sahani, Fatiha, mafundo matatu. Nilipomaliza akasema, "Nilijua. Mwaka ule ule, nilipovianika."

"Na hukusema."

"Ningesema nini?"

"Ami, nakuuliza jambo moja. Kijani kile. Kilikuwa ndicho, au sicho?"

"Sicho," akasema. Upesi. "Kile hakikuwa na kichu. Mwanao alikwenda na homa."

"Wewe ulisema hujui kipi ndicho."

"Nilikuwa nikikutisha. Nilikuwa na choyo."

"Ami, wewe muongo."

"Kwa miti simwongopei mchu."

"Huu si mti," nikasema. "Ni rangi."

Lile gamba la kasa lilikuwa juu ya kitabu, limelika katikati kwa miaka ya kushikwa. Alilichukua, akaliweka mbali mkekani, pale mkono wake usipofika. Akafungua jalada. Kisha, akinitazama mimi, akatoa ulimi, akalamba kidole, akafunua ukurasa.

Akalamba tena. Akafunua tena. Majani ya kijani kibichi, majani ya kijani kilichokolea, mikoko, mikunde, mitende, na kila picha alipitisha kidole juu ya jani kabla ya kukirudisha mdomoni, taratibu, kama mtoto anayelamba asali. Ncha ya kidole ilianza kubadilika rangi.

"Basi, ami. Basi."

Hakuacha. Alifika pale penye pengo, kipande chembamba cha karatasi kimesimama mshononi nilipopitisha wembe. Akalamba kidole, akakifunua kile kipande kama ukurasa mzima, akaendelea. Nilikaa naye mpaka akakimaliza kitabu, nikaenda kisimani nikaleta maji na sabuni, nikamwosha mkono na mdomo.

Siku hiyo nikalitoa jina lake. Waliotukosea ni Athmani Lali, Fara Meno, Sadiki Dalali. Na Mwanaesha binti Shali, ambaye ndiye mimi.